Chunga tezi: kuendesha chombo kwenye upepo, mkondo na mawimbi

Anayetoka kwenye gari na kushika usukani wa chombo huja na tabia moja ya kuiacha mapema: kutazama mbele tu. Gari huongozwa na magurudumu ya mbele, na nyuma hufuata. Chombo usukani wake uko nyuma na pangaboi linalokisukuma liko nyuma, kwa hiyo ukikata kulia, kinachoondoka kwanza ni tezi, yaani sehemu ya nyuma ya chombo, tena kwenda kushoto. Omo, yaani sehemu ya mbele, huingia kidogo ndani ya mzunguko, tezi hutupwa mbali nje yake. Anayegonga kona ya gati, anayekwaruza boya wakati anadhani ameshalipita, na hata anayemfikisha mtu aliyeanguka majini kwenye pangaboi, wote wamefanya kosa moja: wamepima nafasi ya omo, ya tezi hawakuipima.

Chombo kinapogeuka huzungukia nukta fulani, na nukta hiyo haikai mahali pamoja. Kikienda mbele, iko karibu robo hadi theluthi ya urefu kutoka omo. Chombo cha mita 12, basi, huzungukia mahali palipo mita 3 au 4 nyuma ya omo, na mita 8 au 9 zilizobaki hufagia upande wa pili. Kikirudi nyuma, nukta huhamia karibu na tezi, na zamu ya kufagia inakuwa ya omo. Ndiyo maana huwezi kujinasua gatini kwa kukata usukani kuelekea nje na kuongeza mafuta. Tezi itasaga gati muda wote omo inapojaribu kutoka.

Jambo la pili ni kwamba usukani hauna nguvu yake wenyewe. Unategemea maji yanayoupita. Chombo kilichosimama hakiitiki hata ukizungusha gurudumu mpaka mwisho. Lakini ukikata usukani kabisa kwanza, kisha ukatia gia ya mbele na kutoa mpigo mfupi wa sekunde mbili au tatu, pangaboi hutupa maji juu ya bamba la usukani na tezi husogea kabla chombo hakijapata mwendo wa maana. Utaratibu ni huo huo kila mara: usukani kwanza, mafuta baadaye, kisha gia huru. Anayeanza na mafuta halafu akakata usukani hupata mwendo asioutaka na geuko dogo. Usukani wa kawaida ukizidi takriban digrii 35 haukuongezei kitu, maana maji huachana na bamba na kufanya vurugu nyuma yake. Mashine za kutundika, zile zinazofungwa nje ya tezi, zina tabia yake: zinageuza msukumo wenyewe, hivyo zinaitika vizuri zikiwa kwenye gia, lakini ukirudi gia huru huna usukani kabisa.

Pangaboi moja nalo lina upande linalopenda. Lile linalozunguka kulia, ukilitazama kutoka nyuma chombo kikienda mbele, huvuta tezi kushoto unapotia gia ya nyuma. Kwa chombo usichokijua, kifunge vizuri gatini, tia gia ya nyuma kwa nguvu ndogo, uangalie povu linatokea zaidi ubavu gani. Tezi itavutwa upande wa pili. Ukishajua hilo, kugeuka mahali pembamba kunakuwa kazi ya utulivu. Tuseme tezi yako huvutwa kushoto. Anza karibu na upande wa kushoto wa nafasi, kata usukani kulia mpaka mwisho na uuache hapo hapo. Mpigo mfupi mbele, gia huru, mpigo wa nyuma mpaka chombo kisimame, gia huru, tena mbele. Kila mpigo huzungusha chombo kulia, na hakuna haja ya kupindua usukani kila unapobadilisha gia, mradi hujakiacha kipate mwendo wa kurudi nyuma. Ukijaribu kugeuka kushoto kwa chombo hicho hicho, kila mpigo wa nyuma utakuharibia ulichokijenga kwa mpigo wa mbele.

Nani anatawala, upepo au mkondo?

Nguvu ya upepo haipandi sambamba na kasi yake, bali kwa kipeo cha pili. Upepo wa mita 10 kwa sekunde, yaani karibu noti 20, husukuma kila mita ya mraba iliyosimama mbele yake kwa takriban kilo 6. Ukifika mita 20 kwa sekunde, kila mita ya mraba hubeba karibu kilo 25. Chombo chenye ubavu wa mita za mraba 15 juu ya maji kitasukumwa kwa kilo 90 katika hali ya kwanza, na watu wawili wenye kamba wataweza kukizuia. Katika hali ya pili ni kilo 375, na hapo kamba isiyozungushwa kwenye nguzo itachuna viganja vya watu.

Maji ni mazito kuliko hewa mara zaidi ya 800, kwa hiyo mkondo mdogo tu hushinda upepo mkubwa. Kwa eneo lile lile, mkondo wa noti moja hubonyeza karibu sawa na upepo wa noti 29. Noti moja ni maili moja ya baharini, mita 1,852, kwa saa. Hiyo ni karibu mita 31 kila dakika. Ukisimama dakika mbili kuandaa kamba kwenye mkondo wa noti 2, umeshapelekwa zaidi ya mita 120.

Hawa wawili hawasukumi kwa namna moja. Mkondo huchukua chombo kizima pamoja na maji yake. Upepo hushika zaidi palipoinuka, na kwa vyombo vingi hapo ni omoni. Chombo kikipoteza mwendo, omo huanguka kuelekea upande wa demani, upepo unakokwenda, mpaka kikae ubavu. Ukitia gia ya nyuma, tezi hutafuta upepo na kutulia kwenye joshi, upande upepo unakotoka. Tabia hii inakera wengi, lakini inafaa itumiwe. Ukilazimika kusubiri nafasi ndani ya bandari penye upepo mkali, elekeza tezi kwenye upepo na ukae na gia ya nyuma polepole, utatulia pale pale bila kuhangaika. Kupigana kuweka omo kwenye upepo bila mwendo ni kujichosha. Sharti lake ni kwamba mawimbi yawe madogo, kwa sababu tezi iliyo wazi hupokea maji haraka.

Kabla ya kuingia mahali pembamba, simama nje palipo wazi, tia gia huru, na utazame dakika moja nzima chombo kinapelekwa wapi. Maboya yaliyoinama na mkia wa povu nyuma ya nguzo hukuambia mkondo unakwenda wapi. Vyombo vilivyotia nanga hukuambia ni nani mwenye nguvu zaidi kati ya upepo na mkondo: vikiwa na mkuku (uti wa chini ya chombo) mrefu hufuata mkondo, vikiwa vyepesi na virefu juu ya maji hufuata upepo. Ukiona viwili vimeelekea pande tofauti, usichague mahali pa kusimama katikati yao.

Gatini

Njoo ukielekea kwenye ile nguvu kubwa zaidi, iwe upepo au mkondo. Ukija kinyume chake unaweza kusimama juu ya ardhi huku maji bado yanapita kwenye usukani, kwa hiyo chombo kinaendelea kukutii hadi mwisho. Ukija nao nyuma yako, itakubidi utie gia ya nyuma ili usimame, na gia ya nyuma ndiyo inayokunyang'anya usukani.

Kwa hali tulivu, pembe ya digrii 15 hadi 30 na gati inatosha. Upepo ukikusukuma kuelekea gatini, lenga kusimama sambamba mita moja au mbili kutoka gatini, dafrao, zile kinga za ubavuni, zikiwa zimeshatundikwa, na uuache upepo umalizie. Usije na pembe kali, kwa sababu omo itasukumwa na kugonga. Upepo ukitoka gatini, ongeza pembe hadi digrii 30 au 45, fikisha omo karibu, kamba ipelekwe mara moja. Ukichelewa sekunde kumi omo imeshaondoka, na hapo ni bora kutoka nje na kuanza upya kuliko kulazimisha. Kuanza upya hakuna aibu, ingawa gatini huwa hawakosi watazamaji wa kucheka.

Kamba ya kwanza kupeleka, kwa maoni yangu, iwe ile ya mshazari: inafungwa omoni au karibu na katikati ya chombo na kurudi nyuma hadi nguzo iliyo gatini. Ikishafungwa, tia gia ya mbele kwa nguvu ndogo na kata usukani kinyume na gati. Chombo hakiwezi kwenda mbele kwa sababu ya kamba, na tezi huletwa taratibu mpaka ubavu wote ulale kwenye dafrao. Unaweza kukaa hivyo hata upepo unakusukuma nje, na kufunga kamba nyingine bila haraka.

Kamba hiyo hiyo ndiyo ya kutokea. Acha kamba ya mshazari ya omo peke yake, weka dafrao nene omoni, kata usukani kuelekea gatini, na utie gia ya mbele polepole. Omo hubanwa, tezi hutoka. Ikifika digrii 30 hadi 45, gia huru, usukani katikati, gia ya nyuma, na kamba ivutwe ndani haraka. Kamba ipitishwe kwenye nguzo na ncha zote mbili zirudi chomboni, ili aliye ndani aiachie bila kuruka gatini. Ncha inayochomolewa isiwe na fundo, maana fundo hunasa nguzoni ukiwa tayari unarudi nyuma. Na kamba yoyote iliyoangukia majini ni ya kutoa hesabu yake kabla hujagusa gia.

Mwendo ndio unaoamua ukubwa wa hasara. Nguvu ya mgongano hupanda kwa kipeo cha pili cha kasi: kugonga kwa noti 3 ni mara tisa ya kugonga kwa noti 1. Tani 10 zinazokwenda hata nusu noti hazizuiliwi kwa mguu, na mtu yeyote mwenye tabia ya kuweka mguu kati ya chombo na gati aambiwe kabla ya kufika.

Maji machache

Chombo kinachopita juu ya maji machache huzama zaidi kuliko kilivyokuwa kimesimama, kwa sababu maji yanayobanwa chini yake hukimbia na shinikizo lao hupungua. Kanuni inayotumika sana kwa meli huchukua kasi kwa noti, huizidisha kwa yenyewe, huizidisha na kipimo cha unene wa umbo la chombo, kisha hugawanya kwa 100. Matokeo ni mita. Meli yenye kipimo cha 0.7 ikienda noti 10 hudidimia karibu sentimita 70 penye nafasi wazi, na mara mbili yake kwenye mfereji mwembamba. Ipunguze hadi noti 5 na itadidimia chini ya sentimita 20. Chombo kidogo hakitafika huko, lakini dalili ni zile zile: wimbi la tezi linakua refu na kukukaribia, usukani unakuwa mzito kuitika, injini inanguruma bila kasi kuongezeka, maji ya nyuma yanageuka rangi ya tope. Dawa ni kupunguza mafuta, tena taratibu. Ukipunguza ghafla, wimbi lako mwenyewe hukufikia kutoka nyuma na kukuinua na kukubamiza.

Ukipita karibu na ukingo, omo husukumwa mbali nao na tezi huvutwa kuuendea. Mwenye kushtuka hukata usukani kwa nguvu kuelekea ukingoni kurekebisha omo, na akipita mwisho wa ukingo ghafla nguvu ile hutoweka naye akajikuta anaruka kuelekea upande aliokata. Punguza mwendo, kaa katikati.

Kwa hesabu ya maji kupanda na kushuka, pale ambapo yanajaa na kupwa mara mbili kwa siku, gawanya tofauti yote kwa 12. Saa ya kwanza maji hupanda sehemu 1, ya pili 2, ya tatu 3, ya nne 3, ya tano 2, ya sita 1. Tofauti ikiwa mita 3.6, saa ya kwanza ni sentimita 30 tu, lakini saa ya tatu na ya nne kila moja ni sentimita 90. Mkondo nao huwa mkali kwenye saa hizo za katikati. Ukitaka kupita juu ya fungu la mchanga, pita maji yakiwa bado yanajaa. Ukikwama wakati yanajaa utainuliwa baada ya muda mfupi. Ukikwama mara tu yalipoanza kupwa, una saa nyingi za kusubiri na chombo kitalala ubavu.

Mawimbi ya mbele, ya ubavuni na ya nyuma

Mawimbi ya mbele hutisha zaidi ya yanavyodhuru, kwa sababu unayaona na omo imejengwa kwa ajili yake. Yakate kwa pembe ya digrii 30 hadi 40, si moja kwa moja, ili chombo kipande kwa mshazari na kisibamize chini. Panda na mafuta ya kutosha kuinua omo, punguza kabla hujafika kileleni ili usiruke ukabaki hewani, kisha ongeza kidogo unaposhuka ili omo isichimbe wimbi linalofuata. Mzigo mzito ukiwa omoni, hayo yote hayasaidii. Usogeze katikati kabla ya kutoka.

Ya ubavuni hatari yake ni mpigo. Muda wa mawimbi ukilingana na muda wa mrama wa chombo, yaani kulala kwake huku na huku, kila wimbi huongeza juu ya lililotangulia, na mrama hukua hata mawimbi yakiwa ya kawaida. Badilisha mwelekeo, hata digrii 20 au 30, na mpigo unavunjika. Ukitakiwa kufika mahali palipo ubavuni, nenda kwa vipande: sehemu mawimbi yakija kwenye bega la omo, sehemu yakija kwenye bega la tezi. Kugeuka kati ya vipande hivyo kunataka subira. Mawimbi makubwa huja kwa makundi, kisha hufuata utulivu mfupi. Subiri kundi lipite, anza kugeuka mara kilele cha mwisho kinapokuacha, kata usukani wote na utoe mpigo mkubwa, ili chombo kikae ubavu kwa muda mfupi kabisa.

Ya nyuma ndiyo yanayopindua vyombo, na ndiyo yanayodanganya zaidi. Mrama unapungua, upepo unaonekana umetulia kwa sababu mnakwenda pamoja, kila mtu anapumua. Kinachotokea chini ni kingine. Wimbi la bahari kuu lenye muda wa sekunde 5 lina urefu wa karibu mita 39 na huenda noti 15. Chombo kizito cha mita 9 hakivuki sana noti 7, kwa hiyo wimbi litakupita tu. Kilele kinapofika chini ya tezi, maji yake hukimbia kwenda mbele pamoja nawe, usukani unakosa maji ya kuupita, omo inachimba bondeni, na tezi inasukumwa itangulie. Chombo hugeuka mlalo kwa sekunde chache, na wimbi linalofuata linakikuta ubavu.

Shirika la Kimataifa la Bahari, katika mwongozo wake kwa manahodha wa mwaka 2007, liliweka kipimo cha hatari ya kubebwa na wimbi pale yanapokuja moja kwa moja kutoka nyuma: kasi ya noti inayofikia 1.8 mara kipeuo cha pili cha urefu wa chombo kwa mita. Chombo cha mita 16 kinaingia hatarini kwenye noti 7.2, cha mita 25 kwenye noti 9. Kwa hiyo punguza kasi chini ya hapo, acha mawimbi yakupite. Peleka uzito nyuma kidogo, funga milango yote ya tezini, na mshika usukani awe mtu anayejibu mapema kabla tezi haijaondoka. Ukiona bado inavutwa, buruta kitu nyuma: kamba ndefu nene iliyofungwa pande mbili za tezi ikafanya kitanzi, au nanga ya kuelea ndogo. Hiyo huishikilia tezi kwenye wimbi. Boti nyepesi yenye kasi inaweza kufanya kinyume, kukaa mgongoni mwa wimbi lililo mbele na kwenda nalo kwa kasi ile ile, lakini isilipite. Ukishuka mbele ya kilele umejitupa mwenyewe.

Kwenye mlango wa mto wenye fungu, hayo yote hukusanyika. Wimbi huvunjika kina kinapofika takriban mara 1.3 ya kimo chake, kwa hiyo wimbi la kimo cha mita 1.5 litavunjika penye mita 2. Maji yanapopwa, mkondo hutoka nje kukutana na mawimbi, nayo husimama kama ukuta. Kaa nje dakika kumi uhesabu makundi. Ingia maji yakikaribia kujaa, kila mtu amevaa jaketi la kuokoa maisha, na ukishaingia katikati ya yanayovunjika usigeuke kurudi.

Wenye tanga wana kazi moja zaidi, nayo ni kupunguza tanga mapema, wakati bado ni rahisi. Demani, ambayo hapa si upande bali ni ile kamba ya kushikia tanga, isifungwe kwa fundo ambalo mkono mmoja hauwezi kulifungua. Ukienda na upepo wa tezi, usiuache uje nyuma kabisa. Uweke digrii 15 au 20 upande mmoja, tanga lisije likapinduliwa ghafla.

Chombo kilivyopakiwa

Uendeshaji mzuri hauokoi chombo kisicho imara. Kipimo rahisi: maji yakiwa matulivu kiasi, hesabu mirama kumi kamili, kulia hadi kulia tena, ugawanye muda kwa 10. Kwa chombo kile kile, muda ukirefuka uimara umepungua, tena kwa kipeo cha pili. Ikiwa kawaida ni sekunde 4 na baada ya kupakia imekuwa 6, umepoteza zaidi ya nusu ya uimara. Chombo kinacholala polepole na kukawia kuinuka huwafurahisha abiria, lakini ni cha kurudisha bandarini.

Maji yaliyo huru ndani ni adui mwingine. Sentimita 10 kwenye sakafu ya mita 3 kwa 6 ni karibu tani 1.8, na zote hukimbilia upande uliolala. Ngama, pale chini kabisa maji yanapokusanyika, ipigwe pampu kabla ya kuingia kwenye mawimbi. Tangi pana likigawanywa katikati kwa ukuta wa kwenda mbele na nyuma, athari hiyo hushuka hadi robo.

Ukungu

Kanuni za kimataifa za kuzuia migongano, za mwaka 1972, hazikupi haki ya njia ndani ya ukungu kama zinavyokupa unapoonana na mwenzako. Kila mmoja anatakiwa kwenda kwa mwendo salama, injini tayari. Chombo cha injini kinachotembea hupiga honi moja ndefu, sekunde 4 hadi 6, angalau kila dakika 2. Kikiwa kimesimama bila kutia nanga, hupiga mbili ndefu. Cha tanga hupiga moja ndefu na mbili fupi. Ukisikia honi mbele yako, punguza mpaka mwendo wa kushika usukani tu. Kwenye rada, usigeuke kushoto kwa chombo kilicho mbele ya ubavu wako isipokuwa unakipita. Na mchana au usiku, chombo kinachozidi kukaribia huku mwelekeo wake kwenye dira haubadiliki kitakugonga.

Nanga

Omo kwenye upepo au mkondo, simama, anza kurudi nyuma polepole, ndipo nanga ishuke. Ukimwaga mnyororo wote mahali pamoja unaurundika juu ya nanga yenyewe. Hesabu kina cha maji yakiwa yamejaa, ongeza kimo cha omo: mita 6 maji yakipwa, mita 3 za kujaa, mita 1 ya omo, jumla 10. Mnyororo mtupu, mara 5, ni mita 50. Amari, yaani kifungio cha nanga, ikiwa ya kamba yenye kipande cha mnyororo, mara 7, ni mita 70. Kisha tia gia ya nyuma taratibu na uweke kiganja juu ya amari. Ikitetemeka kwa kukwaruza, nanga inaburuta. Usifunge nanga tezini hata kwa muda mfupi penye mawimbi au mkondo. Tezi ni pana na fupi, haiinuki, na chombo kidogo hujazwa maji hivyo kikiwa kimefungwa.

Mtu ameanguka

Kata usukani kuelekea upande alioangukia. Akianguka kulia, kata kulia, na tezi na pangaboi huenda kushoto, mbali naye. Wakati huo huo boya litupwe, na mtu mmoja amnyooshee kidole bila kuacha kumtazama. Kazi yake ni hiyo tu. Ukiwa bado unamwona, endelea kugeuka upande huo huo mpaka umebadilika digrii 250, weka usukani katikati, na uanze kusimama. Usiku, au usipojua ameanguka lini, fanya geuko linalokurudisha kwenye njia yako mwenyewe: kata upande wake hadi digrii 60, kata kinyume kabisa, na zikibaki digrii 20 kufikia mwelekeo wa kurudi, usukani katikati.

Mfikie kutoka upande wa demani, upepo unakokwenda, omo kwenye upepo, polepole sana, na umpokee ubavuni karibu na katikati, si tezini, kwa sababu tezi inayopanda na kushuka hupiga kichwa. Akiwa umbali wa kurushiwa kamba, injini izimwe. Gia huru haitoshi, maana mara nyingi kinachoisukuma gia ni goti la mtu anayeinama kumvuta. Kwenye boti ya mashine ya kutundika, kamba ya kuzimia injini inapaswa kuwa imefungwa mguuni mwa mwendeshaji tangu mwanzo wa safari.